Kitale Wana Jumba, Webuye Tuna Kilima

Rafiki yangu wa shule ya upili anafundisha Kiingereza Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Juzi alinitumia picha akiwa nje ya Tuol Sleng. Ilikuwa shule, Khmer Rouge wakaigeuza gereza la mateso, na leo ni makumbusho. Watu wanatoka pande zote za dunia, wanalipa, wanaingia madarasani kimya kimya, wanatoka wakiwa wamenyong'onyea. Chini ya picha akaandika: "Nikija Disemba na marafiki wangu wa huku, utawapeleka wapi?"

Swali lenyewe lilinikera, labda kwa sababu alidhani mimi ndiye wa kuulizwa. Nilisomea historia. Au tuseme niliisomea mwaka mmoja na nusu, karo ikanishinda, nikarudi Bungoma na begi moja na deni. Muda huo wote darasani tulizungumzia Bismarck na mkutano wa Berlin mpaka nikaota nao. Kilima cha Chetambe, ambacho kukhu yangu alikuwa akikitaja kila mvua ikinyesha na stima ikipotea, sikukisikia hata siku moja.

Nikaanza na rahisi. Kitale kuna makumbusho, kila mtu anajua. Nilipanda matatu asubuhi.

Nimewahi kwenda pale nikiwa darasa la tano, na ninachokumbuka ni mamba na foleni ya choo. Safari hii pia kulikuwa na watoto wa shule wakimpigia mamba kelele aamke. Hakuamka. Kuna nyoka, kuna kobe, kuna nyumba za kiasili za jamii za huku, ya Wabukusu ikiwemo, na njia ya kutembea msituni ambapo ukinyamaza unaweza kubahatika kuona tumbili. Ni mahali pazuri, sitadanganya. Kama una mtoto, mpeleke.

Ila historia yenyewe ya jumba ndiyo iliyonishika. Lilianza kama mali ya mtu binafsi, Luteni Kanali Stoneham, Mwingereza aliyependa viumbe kuliko kawaida. Inaelezwa kwamba alikusanya wadudu, wanyama wengine na vitabu tangu 1894 hadi alipofariki 1966. Mwaka wa 1926 akaufungua mkusanyiko wake kama Makumbusho ya Stoneham. Alipofariki, wosia wake uliiachia Makumbusho ya Kitaifa mkusanyiko huo pamoja na pesa za kujenga jumba jipya, lililofunguliwa Disemba 1974. Ndiyo makumbusho ya kwanza ya bara nchini, ukitoa Nairobi.

Simchukii Stoneham. Angeweza kuwaachia binamu zake kule Uingereza kila kitu, na leo tusingekuwa na chochote. Lakini angalia mwaka: 1926. Ndio mwaka reli ilipofika Kitale kutoka Eldoret. Mahindi ya masetla yalipata njia ya kutoka, na Trans Nzoia yote ilikuwa imeshapimwa na kugawiwa Wazungu, wengi wao wanajeshi wa vita vya kwanza vya dunia. Wabukusu waliruhusiwa kuingia huko kama maskwota: unalima ya bwana, unapewa kipande cha kulisha watoto, ng'ombe wako wanahesabiwa. Kipepeo akidungwa sindano anaandikiwa jina lake na mahali alipokamatwa. Nilitembea kwenye vyumba vile nikitafuta skwota hata mmoja mwenye jina. Nilipata vibuyu, ngao na vigoda vizuri sana.

Siku ya pili nikashika njia ya Webuye, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Pale stejini nikamwambia kijana wa boda anipeleke Chetambe. Akaniuliza, "Kwa nani?" Nikamwambia si kwa mtu, ni ngome. Akacheka, akataja bei ya mtu aliyepotea.

Hii ndiyo stori, kwa ufupi. Mwaka wa 1895 sehemu hii ilikuwa bado inahesabiwa kuwa Uganda. Serikali ya Waingereza ilikuwa Mumias, ikiongozwa na C. W. Hobley, na ilikuwa na tatizo na Wabukusu, ambao wakati huo iliwaita Kitosh, jina ambalo wao wenyewe hawakulipenda. Bunduki zilikuwa zimeingia mikononi mwao kupitia misafara ya biashara na askari wa Kisudani waliotoroka kambini. Waingereza wakazitaka. Wabukusu wakakataa. Kikosi kilichotumwa kuzichukua kikauawa. Hobley akarudi na jeshi: Wasudani, Waganda, na bunduki ya Maxim inayotema risasi kama cherehani. Wakapigana Lumboka, karibu na ulipo mji wa Bungoma leo, kisha wale walionusurika wakakimbilia ngome ya Chetambe juu kilimani.

Zilikuwa ngome kweli, tusizichukulie kama boma la ng'ombe. Ukuta mnene wa udongo uliozunguka kijiji kizima, handaki nje yake, na milango mifupi ambayo lazima uiname kupita. Kwa mikuki na mishale ungekaa humo mwezi mzima. Kwa Maxim, ukuta uleule ukawa mtego.

Kuna ubishi hapa, na kwetu nyumbani unaletwa mezani, maana mama yangu ni Mtachoni. Chetambe mwenyewe alikuwa Mtachoni. Ngome ni yake. Kwa hivyo kila mtu akisema "vita vya Wabukusu", mama huweka kikombe chini. Nami naandika hapa wazi ili nisikose chakula: walikufa wote pamoja.

Juu kule nilimkuta mzee akichunga ng'ombe wanne. Nikamwamkia, "Mulembe, kuka." Kabla ya chochote akataka kujua mimi ni wa kwa nani, na nilipomtajia ukoo wa baba na wa mama, akanishika mkono akaanza kutembea. Mimi nilikuwa nimeona nyasi na mahindi tu. Yeye alinionyesha mahali ardhi inapobonyea, ikapinda, ikaendelea kupinda. Handaki. Ukishaliona huwezi kuacha kuliona. Chini yetu kulikuwa na mji wa Webuye na dohani za kiwanda cha karatasi kilichofungwa 2009, na Nzoia ikienda zake.

"Masinde alisimama hapa," akasema. Elijah Masinde, mchezaji mpira aliyewahi kuichezea Kenya kwenye Kombe la Gossage, ndiye aliyeanzisha Dini ya Msambwa. Wakoloni walimpeleka Mathari kama mwendawazimu. Alipotoka, 1947, aliwaleta wafuasi wake kilimani hapa kuwakumbuka waliouawa 1895. Februari 1948 polisi wakafyatulia wafuasi wake risasi kule Malakisi, watu 11 wakafa. Baada ya uhuru naye akafungwa tena, safari hii na Waafrika wenzake. Kukhu alikuwa akishusha sauti kila akimtaja, na nilidhani ni mambo ya uchawi. Kumbe ilikuwa ni mazoea ya mtu aliyeishi wakati jina hilo likikupeleka ndani.

Nilimuuliza mzee kama wageni huja. Akasema huja wakati wa siasa, wanasimama kwenye gari, wanaahidi uzio na makumbusho, wanashuka. Mwaka hadi mwaka jembe linasogea. Akanionyesha mahali handaki limeshajazwa na sasa ni mistari ya maharagwe. Hakumlaumu mwenye shamba. "Ana watoto sita," akasema.

Nilipima kwa hatua sehemu inayoonekana bado, nikachora kwenye daftari lilelile la chuo, nyuma ya noti za Bismarck. Nilichora vibaya, mzee akanisahihisha mlango ulipokuwa.

Jioni nikamjibu rafiki yangu. Siku ya kwanza Kitale, wapige picha na mamba. Siku ya pili Chetambe, wavae viatu vya kupanda. Akauliza tiketi ni pesa ngapi. Nikamwambia hakuna tiketi, alete sukari kilo mbili za mzee, na asichelewe kuja, kwa sababu mvua ya Machi ikianza watalima tena.