Safu ya Lugha: Uani

Neno la leo ni fupi: ua. Ua likichanua, wingi wake ni maua. Ua ukifagiwa, wingi wake ni nyua: eneo la nyumba lililozungushiwa ukuta, makuti au mabati, juu yake mbingu tupu. Tukiongeza -ni, tunapata uani.

Pita Manzese, Dar es Salaam, uione nyumba ya Kiswahili. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi mwembamba wenye vyumba kila upande, nyuma uani. Milango miwili ya ukumbi ikiwa wazi, upepo hupenya kutoka barabarani hadi nyuma na kupunguza joto la jiji. Uani ndiko kuliko na jiko, bafu, choo na kamba za nguo. Moshi wa mkaa hupanda juu badala ya kujaa vyumbani. Wapangaji hupika, hufua na kusukana nywele pamoja. Mtu mwenye adabu hasemi anakwenda chooni, husema, “Naenda uani.”

Miaka ya 1970, mradi wa serikali uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliiboresha Manzese kwa barabara na maji, badala ya kuibomoa yote. Nyua zilizonusurika wakati huo leo zinamezwa na vyumba vya kupangisha. Nawasihi mafundi na wenye nyumba: msiuzibe ua wote. Tukiupoteza, uani litabaki kuwa jina la choo tu.