Jicho Lafika Konani Kabla ya Gari

Ndugu mwandishi mwenzangu, dereva wa hadithi zetu siku zote "amekaza macho mbele". Mbele wapi? Barabara ni ndefu, bwana. Wapo waliolihangaikia swali hili mpaka kuhatarisha roho, na kwangu mimi historia yao inazishinda riwaya nyingi za upelelezi.

Mwaka 1938, huko Marekani, James Gibson na Laurence Crooks waliandika kwamba dereva huona mbele yake uwanja wa kupita salama, kama ulimi uliotandazwa njiani, unaopanuka na kusinyaa kadiri vitu vinavyojitokeza. Wazo zuri, ila la mezani.

John Senders akaingia barabarani kweli. Miaka ya 1960, kule Massachusetts, alivaa helmeti yenye kifuniko kilichoshuka kumziba macho, kikapanda, kikashuka tena. Na gari linakwenda! Usukani kaushika mwenyewe. Mwaka 1967 akatoa jibu: ukiongeza mwendo, muda unaoweza kuvumilia giza unapungua. Njia ikipinda, hali kadhalika. Yaani barabara ndiyo inayodai macho, kama mwenye nyumba anavyodai kodi. Mwaka 2011 wakampa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza. Mimi wala sikucheka.

Halafu, mwaka 1994, Michael Land na David Lee wakatangaza walichokiona kwa madereva watatu katika Queen's Drive, njia ya kona kona inayozunguka kilima cha Arthur's Seat, Edinburgh. Sekunde 1 au 2 kabla ya kona, jicho liliruka mpaka pale ukingo wa ndani unapoonekana kugeuka, kisha likawa linarudi papo hapo. Mikono ikafuata, nyuma kwa muda usiotimia sekunde moja.

Kinachoniuma ni habari za wanaojifunza. Mwaka 1972 Ronald Mourant na Thomas Rockwell, wa Ohio, waliona madereva wapya wakitazama karibu na pua ya gari, na vioo wakivitupia jicho mara chache. Mwaka 1998, David Crundall na Geoffrey Underwood wa Nottingham, Uingereza, wakaongeza hili: barabara kuu ikichangamka magari, wazoefu walitawanya macho kushoto na kulia. Wapya walitazama vilevile kama wako njia ya shamba. Sasa mtu achomoke pembeni hapo.