Barafu Iliyokuwa Juu ya Mlima Elgon

Leo Mlima Elgon hauna barafu ya kudumu. Nyasi za juu huganda usiku, jua likichomoza mambo yamekwisha. Lakini miaka 20,000 hivi iliyopita, kileleni mwa mlima huu, ambao Kitale inauona kutoka mashariki na Bungoma kutoka kusini, kulitanda barafu ya kilomita za mraba zipatazo 75. Ndimi zake ziliteremka mabondeni hadi chini ya mita 3,500.

Alama zake bado zipo. Anayepanda kutoka lango la Chorlim kuelekea Koitobos, au kwa njia ya Kimilili kupitia Chepkitale, hukutana na vijiziwa vilivyochimbwa na barafu na matuta ya mawe, makubwa kwa madogo, yaliyorundikwa ovyo. Mto haurundiki mawe namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti Alan Hamilton na R. A. Perrott walizichunguza alama hizo, wakapima na umri wa matope yaliyotuama baada ya barafu kuondoka. Ilikuwa imetoweka zaidi ya miaka 11,000 iliyopita.

Swali lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu lilihusu huku chini. Mlimani kulipokuwa na barafu, nchi tambarare ilikuwaje? Jibu la kwanza lilikuwa mvua. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda, alizungumzia vipindi vya mvua kubwa. Msweden Erik Nilsson akaunganisha barafu ya milima yetu na fukwe kuukuu za maziwa ya Bonde la Ufa, naye Louis Leakey akaeneza hesabu ya vipindi vinne: Kagera, Kamasia, Kanjera na Gamble. Vinne, kwa sababu milima ya Alps nayo ilihesabiwa enzi nne za barafu. Mkutano wa historia ya kale uliofanyika Nairobi mwaka 1947 ukaipokea hesabu hiyo. Ilipendeza mno, na pengine hapo ndipo ilipoponzwa.

Mlima ni shahidi mwenye kasoro. Kila barafu mpya hukwangua alama za iliyoitangulia, kwa hiyo kinachosomeka zaidi ni ukurasa wa mwisho. Sakafu ya bahari haikwanguliwi. Mwaka 1955 Cesare Emiliani alisoma joto la zamani katika magamba ya viumbe wadogo wa baharini, na mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton wakaonyesha kwamba baridi na joto vilifuata mabadiliko ya mzunguko wa dunia kulizunguka jua na mwinamo wa mhimili wake. Enzi za barafu hazikuwa nne. Zilikuwa kadhaa wa kadhaa.

Tena hazikuwa na mwendo mmoja. Pleistosini, kipindi cha enzi hizo, ilianza miaka milioni 2.58 iliyopita, Elgon ukiwa volkano iliyozimika zamani sana. Kwa zaidi ya miaka milioni moja barafu ilikuja na kuondoka kila miaka 41,000, sawasawa na mwendo wa mwinamo wa mhimili. Kisha, kati ya miaka milioni 1.2 na 700,000 iliyopita, mapigo yakarefuka yakawa ya takriban miaka 100,000: barafu ikijijenga polepole, ikiwa nyingi kuliko kwanza, halafu ikiporomoka kwa haraka. Kwa nini? Wako wanaotaja kupungua kwa hewa ya kaboni. Wako wanaosema barafu ya kaskazini ilimaliza kukwangua udongo laini ikakalia mwamba, isiteleze kwa urahisi. Januari 2025 wachimbaji wa Ulaya huko Antaktika walifikia barafu ya zaidi ya miaka milioni 1.2, na viputo vya hewa vilivyonaswa humo ndivyo vinavyotarajiwa kuamua ugomvi huo.

Na ile mvua ya Leakey? Kwa enzi ya mwisho ya barafu, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Bahari ikipoa mvuke hupungua, na pepo za mvua hudhoofika. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walieleza kwamba chini ya matope ya Ziwa Victoria kuna udongo uliowahi kukauka, wenye mabaki ya mizizi ya nyasi. Ziwa lilikuwa limekauka, kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita. Mto Nzoia, unaobeba maji ya Elgon na Cherang'any, haukuwa na ziwa la kumiminia.

Walimu wa jiografia wa Trans Nzoia na Bungoma hufundisha kazi ya barafu kwa michoro ya Uswisi. Wawapandishe wanafunzi Elgon.