Bash: Jinsi ya kuratibu kazi za nyuma ya pazia

BASH ni programu inayopokea na kutekeleza amri za maandishi katika kompyuta. Iliandikwa na Brian Fox kwa ajili ya mradi wa GNU na kutolewa mwaka 1989.

Alama '&' mwishoni mwa amri huiacha kazi iendelee nyuma ya pazia. Amri 'jobs' huorodhesha kazi hizo, na 'wait' husubiri zimalizike. Alama '&&' huruhusu hatua ya pili pale tu ya kwanza inapofaulu.

Tofauti hiyo si ndogo. Anayenakili kumbukumbu za ofisi kwenye diski nyingine, kisha kufuta za awali, akiweka '&' badala ya '&&', ufutaji huanza kabla ya unakili kukamilika, na kumbukumbu huweza kupotea kabisa.