Simu Zilivyozisaidia Maabara Kupima Kasi ya Migongano

Bamba la shaba likigongwa na kipande cha chuma kilichorushwa na bunduki ya gesi, uso wake wa nyuma huruka kwa kasi inayoweza kufika kilomita kadhaa kwa sekunde. Tukio zima humalizika ndani ya mikrosekunde chache. Katika miaka ya 1940 lilipimwa kwa pini za umeme zilizopangwa kwa umbali tofauti: bamba lilipoigusa pini, wakati uliandikwa. Pini zilionyesha uso umefika lini, lakini mwendo wake wa kati ya pini na pini ulibaki wa kukisia.

Leza, iliyowashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960, ilifungua njia nyingine. Mwaka 1972 Lynn Barker na R. E. Hollenbach wa maabara ya Sandia, Marekani, walitangaza VISAR. Chombo hicho hulinganisha mwanga unaorudi kutoka kwenye uso unaokimbia na mwanga huohuo uliocheleweshwa kidogo. Kilitawala kwa miongo mitatu, ingawa kilikuwa na usumbufu wake: vioo vilipangwa kwa uangalifu mkubwa, na uso uliporuka ghafla mno hesabu ilipotea.

Ukombozi ulitoka kwenye simu. Mwaka 2006 Ted Strand na wenzake wa maabara ya Lawrence Livermore walichapisha maelezo ya mtambo uliotengenezwa kwa vifaa vya mawasiliano vinavyouzwa madukani, ukitumia mwanga wa nanomita 1550, usioonekana kwa macho na unaopotea kidogo sana ndani ya kioo. Mwanga unaorudi huchanganywa na ule ambao haukuguswa na mwendo, na tofauti ya masafa yake ndiyo kasi yenyewe: kila kilomita 1 kwa sekunde huleta mapigo bilioni 1.3 hivi kwa sekunde.

Gharama ikahamia kwenye osiloskopu za kunasa mapigo hayo. Nchini Marekani, kampuni ya National Security Technologies ya Nevada ikaona nukta nyingi za uso unaopimwa zichangie njia moja ya osiloskopu. Leza nne za urefu tofauti wa wimbi zikapewa kila moja masafa yake, kama stesheni za redio. Kundi la pili la nukta nne likapitishwa kwenye uzi mrefu wa kioo ili lifike likiwa limechelewa. Kilomita 1 ya uzi huchelewesha mwanga kwa mikrosekunde 5. Umbali wa Singida hadi Manyoni nchini Tanzania, takriban kilomita 120, ungeuchelewesha kwa mikrosekunde 600. Nne mara mbili, nukta nane zikaingia njia moja.

Kupitisha rangi nyingi katika uzi mmoja ni ufundi wa mikongo mikuu ya mawasiliano, ya aina ya Mkongo wa Taifa wa Tanzania unaopita Singida. Kwa kawaida jeshi hugundua na raia hurithi. Hapa mambo yaligeuka. Mwaka 2012 mtambo huo wa nukta nane ulipata tuzo ya R&D 100, na Desemba ya mwaka huohuo ulitumika Nevada, chini ya ardhi, katika Pollux, jaribio la silaha za nyuklia lisilofikia mlipuko wa nyuklia.