Nani Aliukokota Mzinga? Modeli za Zana za Vita na Mikono ya Kinondoni na Temeke

Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, imewekwa mizinga miwili iliyotoka kwenye manowari za maadui. Mmoja ulikuwa wa HMS Pegasus, meli ya Waingereza iliyozamishwa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Wa pili ulikuwa wa SMS Königsberg, meli ya Wajerumani iliyoizamisha. Baada ya ushindi ule Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, ikazingirwa kwa miezi mingi, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa na meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey. Mabaharia waliobaki hawakuiacha mizinga yake 10 izame katika matope ya mikoko. Waliiopoa, ikapelekwa Dar es Salaam, na huko karakanani ikaundiwa magari ya magurudumu ili ipigane nchi kavu. Mmoja uliangamia Kahe, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwezi Machi 1916, na mingine iliburutwa hadi kusini kabisa mwa Tanganyika. Leo mtu akiutazama ule wa Mombasa anaona chuma kizito kilichotulia. Haoni kamba wala mamia ya Waafrika walioishika kamba hiyo, wakivuta bomba ambalo peke yake lilizidi tani moja, mlimani na mtoni, juani na mvuani.

Pengo hilo kati ya chuma kinachoonekana na watu wasioonekana ndilo linalonifanya nitetee sanaa ambayo wengi huiona ni mchezo wa watoto au burudani ya wageni: kujenga na kupaka rangi modeli ndogo za zana za vita, hasa mizinga inayojiendesha, yaani ile iliyofungwa juu ya lori au juu ya gari la minyororo. Modeli iliyojengwa kwa vipimo ni utafiti wa historia unaofanywa kwa mikono. Mjenzi wake hulazimika kuuliza maswali ambayo msomaji wa kitabu huweza kuyaruka. Na kwa upande wa Tanzania, stadi zote zinazohitajika kwa utafiti huo zipo tayari katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke, ingawa hatujazoea kuziita stadi za historia.

Kabla ya kuzungumzia mizinga, tuanze na ushahidi wa pwani yenyewe. Mtepe ulikuwa chombo cha Waswahili ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka. Kufikia miaka ya 1930 vyombo hivyo vilikuwa vimetoweka baharini. Tunachokijua leo kuhusu umbo la mtepe, namna omo yake ilivyochongoka na namna kamba zilivyopita katika matundu, kinatokana na maelezo ya waliouona, picha chache, na modeli ndogo zilizohifadhiwa katika makumbusho kama ile ya Lamu. Mwaka 2003 mafundi wa Zanzibar walipounda upya mtepe mzima kwa ajili ya Beit al-Ajaib, urithi huo wa maandishi, picha na vijimitepe ndio uliokuwa umebaki wa kuwaongoza. Mtu aliyekaa barazani akachonga chombo cha urefu wa mkono wake pengine hakudhani kwamba anaandika historia. Lakini chombo kikubwa kilioza na kile kidogo kikabaki kutoa ushahidi. Kwa hiyo hatuna haja ya kuagiza kutoka nje wazo la kwamba kitu kidogo kinaweza kutunza elimu ya kitu kikubwa. Pwani imelijua siku nyingi.

Kwa nini basi nichague mzinga unaojiendesha, nisichague kifaru au ndege? Kwa sababu maana ya zana hii iko katika kile ilichokiondoa. Kwingi duniani, kabla ya injini, mzinga ulivutwa na farasi, nyumbu au ng'ombe. Sehemu kubwa ya Tanganyika haikuruhusu hata hilo, maana mbung'o waliwaua wanyama kwa nagana, na kazi ya mnyama ikaangukia bega la mtu. Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki vilibebwa na wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo katikati ya Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao, kwani limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, likatamkwa kwa ulimi wetu. Mwaka 1917, wakati mizinga ya Königsberg ilikuwa bado inakokotwa na watu kusini mwa nchi, Waingereza waliingiza katika medani za Ulaya gari la minyororo lililoundwa kubeba mzinga. Gari hilo halikufyatua sana. Lilitumika zaidi kubebea shehena, yaani kazi ileile ya mpagazi. Katika mwaka mmoja, katika vita vilevile, injini ilibeba mzigo kule na bega likabeba huku. Hilo ndilo jambo ambalo historia ya mzinga unaojiendesha inatufundisha sisi kuliko inavyowafundisha wengine.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Katika Vita vya Pili vya Dunia mizinga juu ya minyororo ilizaliwa kwa wingi, kama M7 ya Marekani ambayo Waingereza waliipa jina la Priest na kuitumia El Alamein mwaka 1942. Wasovieti nao walifunga roketi juu ya malori tangu 1941. Mtoto wa malori hayo, BM-21, aliingia jeshini mwaka 1963: lori la Ural lenye mitutu 40 ya milimita 122, linaloweza kuzimaliza roketi zake zote kwa sekunde 20 hivi na kuzifikisha umbali wa kilomita 20. Zana hiyo ndiyo iliyoingia katika historia yetu wenyewe. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978, jibu la Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilijumuisha roketi za malori, na kufikia tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa imeanguka. Waganda walioishi siku zile waliziita zana hizo saba saba. Jina hilohilo kwa mkazi wa Temeke ni viwanja vya maonesho ya biashara vilivyo Barabara ya Kilwa, na ni siku ya kuzaliwa kwa chama cha TANU mwaka 1954. Neno moja limebeba kishindo upande mmoja wa mpaka na sherehe upande wa pili, na hakuna kitu cha kushikika kinachomwonesha kijana wa leo jinsi maana hizo mbili zinavyokutana.

Vifaa vya kujenga modeli za namna hii vinatengenezwa kwa wingi Japani, China na Ulaya. Tamiya ya mji wa Shizuoka ilianza na mbao baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ikauza modeli za mbao kabla ya kugeukia plastiki. Kipimo cha 1:35, kinachotawala modeli za magari ya kivita hadi leo, kilitokana na kifaru chake cha mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambacho ukubwa wake ulipangwa ili betri na mota viweze kuenea ndani. Kampuni ya Trumpeter ya China imetoa BM-21 kwa kipimo hicho. Mjenzi hukata vipande kutoka kwenye fremu ya plastiki, huvisugua kwa msasa, huvibana kwa gundi, kisha huanza kazi ndefu kuliko zote, ambayo ni rangi: tabaka la kwanza la kushikilia, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kisha kutu, moshi wa mitutu na vumbi. Hapo ndipo elimu inapoingia. Mwenye kuipaka BM-21 ya Kagera lazima ajue kwamba udongo wa huko ni mwekundu, na mwenye kuupaka mzinga wa Königsberg lazima ajue tope la mikoko ya Rufiji. Asiyejua atapaka vumbi la jangwa alilolikuta katika picha ya boksi, na modeli yake itasema uongo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba hii ni starehe ya nchi tajiri, na boksi moja la plastiki lina bei ambayo familia nyingi za Mbagala au Tandale haziwezi kuitoa kwa kitu cha kupanga kabatini. Kuhusu bei, pingamizi hilo ni la kweli. Lakini plastiki si kiini cha sanaa hii, kama Tamiya yenyewe inavyoshuhudia. Watoto wa mitaa yetu wamejenga magari ya waya, makopo na mbao kwa vizazi, wakakata magurudumu katika kandambili zilizochakaa, wakaweka usukani wa waya mrefu unaogeuza kweli matairi ya mbele. Aliyebuni usukani ule ameelewa mtambo wenyewe, na kuelewa mtambo ni nusu ya kazi ya mjenzi wa modeli. Nusu ya pili ni kipimo, na kipimo kinafundishika kwa rula na hesabu ya kugawanya. Keko kuna maseremala wa samani, Mwenge kuna wachongaji wa mpingo, na Chang'ombe kuna chuo cha VETA kinachofundisha ufundi wa chuma na magari. Hata rangi tunayo historia yake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968, akiuza kazi zake karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, alitumia rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Humbrol ya Uingereza, ambayo vikopo vyake vidogo vya rangi vinajulikana kwa wajenzi wa modeli duniani, nayo ilianza kama kampuni ya mafuta ya baiskeli. Njia mbili zilizotoka kwenye chombo kimoja cha maskini zimeishia katika sanaa mbili, na hakuna sababu zisikutane tena Kinondoni.

Wengine watasema picha na video zinatosha. Picha ni shahidi mwema, lakini huonesha upande mmoja, na msomaji huipita kwa sekunde chache. Modeli haina upande wa kuficha. Anayeijenga atauliza mpigaji aliketi wapi, roketi zilipakiwa kutoka nyuma au mbele, na lori lilitulizwa vipi lisiyumbe wakati wa kufyatua. Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama yamefuata mantiki hiyohiyo tangu miaka ya 1960. Yamejenga nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania kwa ukubwa wake kamili, kwa sababu picha ya msonge haimwambii mtu namna fito zinavyofungwa. Wapo pia watakaohofia siri za jeshi. Hofu hiyo ina haki yake, na jibu lake ni kujiwekea mipaka: kujenga zana za kihistoria zilizo katika makumbusho na vitabu vya wazi. BM-21 imejulikana duniani kwa zaidi ya miaka 60, na mizinga ya Königsberg inatazamwa na watalii Mombasa, Pretoria na Jinja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maadili. Je, hatuwafundishi watoto kupenda silaha? Nalichukua pingamizi hili kwa uzito wake, kwa sababu modeli nyingi duniani zinalistahili. Chombo kinasafishwa, kinang'arishwa, kinawekwa juu ya kibao bila mtu hata mmoja, na mtazamaji anabaki na uzuri wa mashine. Mzinga usio na watu ni historia iliyopunjwa. Lakini dawa yake imo ndani ya sanaa yenyewe, maana kipimo hakichagui cha kupima. Kanuni inayotaka bomba liwe sahihi kwa milimita inataka pia watu waliokuwapo wawe sahihi kwa idadi. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inaonesha mtu mmoja wa shaba mwenye bunduki, amesimama peke yake. Fundi wa modeli akiamua kuwa mwaminifu anaweza kuonesha kile ambacho shaba ile haikionesha.

Tuchukue meza moja katika karakana yoyote ya Temeke na tuweke juu yake modeli mbili za kipimo cha 1:35. Ya kwanza ni BM-21. Lori halisi lina urefu wa mita 7 na zaidi kidogo, kwa hiyo modeli itakuwa na sentimita 21 hivi, na watu wake wachache wataenea katika kabini. Ya pili ni mzinga wa Königsberg juu ya magurudumu yake ya Dar es Salaam, pamoja na waliouvuta. Mtu mzima katika kipimo hiki ana kimo cha sentimita 5. Tukiweka 100 tu kati ya mamia, katika safu mbili, kila mmoja mita moja nyuma ya mwenzake, kamba yao itafikia karibu mita moja na nusu. Itapita ukingo wa meza. Fundi atalazimika kuongeza meza ya pili, na kuchonga mtu baada ya mtu, kila mmoja na mgongo wake na miguu yake, kwa wiki na miezi. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Lakini fundi atakapomaliza, atakuwa amempa kila mmoja wao muda wa kazi ya mikono yake, na atakayeizunguka meza hiyo hatauliza tena mzinga ule ulifikaje kusini.