"Si Angetoka Tu?"

Kila habari ya dada aliyeolewa majuu akapigwa ikifika kwenye simu zetu, lazima mtu aandike: "Si angetoka tu?" Sawa. Twende Uingereza tuone kutoka kulikuwa nini. Niliacha chuo, kwa hivyo hii si lekcha.

Miaka ya 1980 na 1990, mwanamke aliyeingia huko kwa viza ya ndoa alitakiwa akae mwaka mzima ndani ya ndoa hiyo kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu. Ikivunjika mapema, anarudishwa kwao. Na muda huo wote haruhusiwi kupokea msaada wa serikali. Hapo ndipo wengi hatuelewi. Nyumba za kuwahifadhi wanawake waliopigwa hutegemea sana pesa ambazo serikali humlipia mkaaji kodi. Kama huna haki ya hizo pesa, nani atakulipia kitanda? Wengi walifungiwa mlango. Mume hakuhitaji hata kufuli, ilitosha aseme, "Nitapigia uhamiaji simu."

Walioishika hii sheria koo ni Southall Black Sisters, kikundi cha wanawake Waasia na weusi kilichoanza 1979 huko Southall, magharibi mwa London. Aliyekuwa nguzo yake kwa miaka mingi ni Pragna Patel, mzaliwa wa Kenya. Ndio, Kenya hii yetu, na shuleni sikuwahi kusikia jina lake.

Pengine unawajua kwa Kiranjit Ahluwalia, aliyepigwa na mumewe miaka 10, akamchoma moto 1989 na kufungwa maisha. Walisimama naye mpaka akaachiliwa 1992. Aishwarya Rai aliigiza maisha yake kwenye *Provoked*, mkaipenda. Lakini mimi hunivutia zaidi kazi isiyokuwa na filamu: kukusanya visa vya wanawake wa viza, kimoja kimoja, na kuvipeleka serikalini mwaka baada ya mwaka.

1999 serikali ikalegeza: ukithibitisha kipigo, unaweza kubaki. Uthibitisho gani? Amri ya korti, hukumu, au onyo rasmi la polisi. Hebu fikiria mtu asiyejua Kiingereza, aliyetishiwa kwamba polisi watamfukuza nchini, ndiye aende kwa polisi atafute karatasi! 2002 ndipo barua za daktari na za nyumba za hifadhi zikakubaliwa kwenye sheria.

Bado pesa. Hiyo ilichukua miaka 10 zaidi. Aprili 2012 mke aliyetoroka akapewa miezi 3 ya kupokea msaada wakati anaomba ukaazi. Miezi 3! Na Julai mwaka huohuo, muda wa kungoja ukaazi, ambao tayari ulikuwa umepandishwa kuwa miaka 2, ukawa miaka 5. Mkono mmoja ulifungua mlango, mwingine ukarefusha korido.

2024 hiyo miezi 3 ikafikia pia wake wa wanafunzi na wafanyakazi wa kigeni, ila bila njia ile ya kupata ukaazi wa kudumu. Mwenye viza yake mwenyewe ya kazi hayumo. Yule binti wa kwetu aliyeenda kulea wazee, akipigwa na mpenzi wake usiku wa leo, hana hata hiyo miezi 3, na viza yake imefungwa kwa mwajiri. Sasa rudia swali lako, ukimwangalia yeye.